Kilemba cha Kabula

Mimi nikiwa na wasiwasi mikono haikai. Alhamisi ile nilikuwa nimeshafumua pindo la gauni moja mara mbili na kulishona mara tatu, na gauni lenyewe halikuwa na kosa lolote. Watu wakipita barazani kwangu pale Makanyagio wananisalimia, naitikia kitu kingine kabisa. Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Jumamosi. Jumamosi Danford angeonyesha katuni yake kwenye ukumbi wa parokia, na watu wakishamaliza kupiga makofi angenishika mkono, anisimamishe mbele ya mama yake, aseme, "Mama, huyu ndiye Prisila wangu." Aliahidi kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi sikumwomba. Haya, nilimwomba kidogo.

Mwaka mmoja na miezi miwili tulikuwa tumependana kwa kuibia. Cherehani yangu iko barazani, studio yake iko ndani ya mlango uleule, nani atauliza fundi anaingia humo kufanya nini? Na kazi kweli ilikuwepo. Danford alianza kwa kupiga video za harusi, akachoka kuwapanga mashangazi wa watu kwenye mistari, akaanza kuchora katuni. Wahusika wake walikuwa na sura nzuri, ila wote kawavisha fulana na suruali. Siku moja nikaingia kuomba maji ya kunywa, nikaona kwenye kompyuta, nikamuuliza, "Huyu mzee ni nani?"

"Baba mdogo. Amemdhulumu huyu kijana mali za marehemu baba yake."

"Sasa mbona nguo zake hazisemi?"

Aligeuka akanitazama. Jamani, lile jicho! Nilikunywa maji yakapita njia siyo, nikakohoa mpaka akanipiga mgongoni. Ndiyo ilivyoanza.

Nikamchorea. Baba mdogo nikamvisha koti la marehemu kaka yake, mabega yanamwanguka, mikono inafunika vidole. Hajafungua mdomo, mtazamaji ameshajua kwamba mali si yake. Mke wake nikamfunga khanga juujuu na fundo kubwa ubavuni, mwanamke wa kukaa tayari kwa ugomvi saa zote. Danford alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Akaniambia, "Prii, wewe unawajua watu." Nikamwambia, "Siwajui, nawapima tu."

Kisha wakaja wawili wenyewe. Lyamba, yule kijana aliyedhulumiwa, mrina asali, na Kabula, binti wa jirani. Lyamba nikamvisha shati la kitenge cha vijumba vya nyuki, kahawia na manjano. Kitenge hicho hakikuwa cha kubuni. Mwezi wa nne nilimshonea Danford shati la namna hiyo, na mabaki yake nikajifunga kilemba. Kwetu mafundi mabaki ni ya fundi, hilo halina mjadala. Basi na Kabula nikamfunga kilemba cha mabaki ya shati la Lyamba. Mwanzo wa katuni hana. Kuanzia pale anapomtoa Lyamba miiba ya nyuki mgongoni, anacho. Katuni nzima hakuna anayesema "nakupenda". Kilemba kinasema. Hapa kwetu watu wakivaa sare huulizi tena nani ni wa nani.

Saa tisa alasiri Danford akachungulia mlangoni.

"Prii, imeisha. Njoo uone."

Niliingia na futi yangu shingoni. Akanivutia kiti, akabofya. Nyuki wakaanza kulia, msitu ukatokea, Lyamba akapanda mti. Nilikuwa natabasamu mwenyewe kama mwehu. Ikafika ile sehemu ya miiba. Kabula akaingia. Nikasogea karibu.

"Rudisha nyuma."

"Nini?"

"Rudisha nyuma, Danford."

Akarudisha. Kabula akaingia tena, na kichwani alikuwa na kilemba cha kijivu. Kijivu kitupu, hakina ua, hakina mstari. Ninajua kompyuta yake inavyofanya kazi, nimekaa nayo mwaka mzima. Kila mhusika ana ukurasa wake wa rangi. Ukimbadilisha hapo, anabadilika picha zote kwa mpigo. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya. Mtu alikaa, akamtafuta Kabula, akamvua.

"Kilemba kiko wapi?"

"Si hicho?"

"Hicho kitambaa cha kudekia. Naulizia kilemba changu."

Akakuna kichwa. Danford akikuna kichwa ujue uongo unapikwa. "Ile rangi ilikuwa inaumiza macho kidogo, ukiangalia kwenye skrini kubwa..."

"Miezi saba haikukuumiza, imekuumiza wiki hii?"

"Tulia basi. Punguza sauti."

"Nipunguze kwa ajili ya nani? Sema ukweli, Danford. Mimi leo nimeamka vibaya, usinichezee."

Akafunga macho, akayafungua. "Mama alipita Jumanne."

Nikakaa vizuri.

"Akaomba kuona. Nikamwonyesha kidogo. Akaniuliza, hawa ni mtu na mkewe? Nikamwambia bado. Akasema, mbona wamevaa sare? Halafu akaniangalia mimi. Akaliangalia shati langu."

"Ulikuwa umelivaa?"

"Nilikuwa nimelivaa." Akaangalia mlangoni. "Akasema, kilemba hicho nimekiona kichwani kwa mtu."

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja, mikono ikaanza kuwasha. Nikaona labda mambo yamekwisha yenyewe, Jumamosi imekuja mapema. "Ukamjibu nini?"

Akageukia kompyuta.

"Danford, ukamjibu nini?"

"Nikamwambia fundi alikosea rangi."

Sikumwelewa mara ya kwanza. Nikarudia mwenyewe, polepole. "Fundi. Alikosea. Rangi."

"Nilishikwa ghafla, Prii! Mama alikuwa ananiangalia usoni, ningesema nini?"

"Jina langu ungesema. Jina langu lina matatizo gani?"

"Nimesema nitasema Jumamosi."

"Umenivua, Danford."

"Ni Kabula, siyo wewe! Hii ni katuni!"

"Kama ni katuni tu, kwa nini ulimfuta?"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Chumba kile ni kidogo, hatua tatu umefika ukutani, na mimi nilikuwa nataka kutembea mpaka Sumbawanga.

"Mwaka mzima unanivika kilemba cha ukoka," nikamwambia. "Prii wangu, Prii wangu. Kile kimoja cha kweli, umekifuta kwa kidole kimoja."

"Hujui nyumbani kwetu wanavyosema."

"Wanasemaje?"

"Achana nayo."

"Sema. Nimeshasikia mengi, hilo halitaniua."

"Mjomba Gaudensi anasema, watu wa makambi ya wakimbizi ni watu wema ila siyo wa kuoana nao. Anasema watoto watakuwa wa wapi."

Mimi nimezaliwa Litapunga, huko makambini, katika shamba la baba yangu Libérat. Nimesoma hapa, nimepata kipaimara hapa, kitambulisho changu kinafanana na cha Danford mpaka rangi ya picha. Baba alinionya mapema. Aliniambia, "Mwana wanje, mwanangu, hao watakula na wewe, watacheka na wewe, siku ya kuoa ndiyo watakumbuka babu yako alitoka ng'ambo ipi." Nilibishana naye mpaka ugali ukapoa. Mama yangu Vénérande akabaki kuniambia "ihangane, ihangane", yaani nivumilie, na mimi neno hilo silipendi toka nikiwa mdogo. Nilimwambia baba, "Danford siyo hao." Nilisema kwa sauti, mbele ya kaka zangu wote.

Danford alikuja akasimama mbele yangu. Akanishika mkono, ule wa kushoto wenye kijimto cha pini, na pini moja ikamchoma, hakuuondoa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nisamehe," akasema. "Mimi ni mwoga, najua. Lakini nakupenda mpaka nashindwa kula. Jumamosi iko palepale. Nitakusimamisha, naapa. Na Kabula ninamrudishia kilemba chake sasa hivi, unaona?"

Na mimi, mjinga wa mapenzi, nikaanza kulainika. Nilikuwa nimeshainamisha paji la uso karibu na kifua chake, nasikia moyo wake, niko karibu kabisa kumwambia yameisha.

"Hodi humu ndani!"

Danford aliuachia mkono wangu kama ameshika sufuria ya moto.

Aliyeingia ni Mama Generosa, mama yake. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na sauti yake ikizidi kuwa ndogo ndiyo ya kuogopa. Tukamwamkia wote wawili, shikamoo zikagongana.

"Marahaba. Fundi nimemkosa barazani, nikajua yuko huku." Akatutazama, mmoja halafu mwingine. "Nimekuja kujaribu lile gauni la Jumamosi."

"Alikuwa anaangalia zile rangi, mama," Danford akasema. "Fundi wetu huyu."

Fundi wetu. Dakika moja nyuma alikuwa anashindwa kula.

Nikachukua gauni lake barazani. Wanawake wa ukoo wao, kumi na wawili, walikuwa wamenunua kitenge kimoja cha bluu chenye ndege wa kijani, sare ya kwenda ukumbini. Nilikuwa nimeshona zote kumi na moja, na hilo lilikuwa la kumi na mbili. Mama Generosa akalivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama katikati ya chumba.

"Nyuma panavuta," akasema.

"Napaona, mama. Na pindo nalipandisha kidogo."

Nikapiga magoti, nikabana pini mdomoni kama kawaida yetu, sita, saba. Yule mama ana akili nyingi. Alingoja mpaka mdomo wangu umejaa, ndipo akaanza.

"Binti, wewe ni wa Litapunga?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Watu wa kule ni wachapakazi. Mihogo yao tunaila mpaka kwetu Kabungu."

"Mm."

"Na hii mikono yako, sijaona. Hakuna anayeniweka sawa mabega kama wewe."

"Mm."

"Kitenge changu kimebaki?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mabaki nirudishie. Yote. Hata vipande vya kidole, usitupe, usibaki navyo."

Mkono wangu ukasimama pindoni. Miaka sita nashona, hajatokea mteja wa kuniomba mabaki. Hata wale wabishi wa kusimama juu ya kichwa changu nikikata, hawajawahi. Mama Generosa hakuwa na haja na vipande. Alikuwa ananiambia nisije nikajifunga kilemba cha sare ya nyumbani kwake. Alinikataa hivyo, taratibu, bila kunitukana, na mimi nimepiga magoti miguuni pake na mdomo umejaa pini.

Danford alisikia. Na alielewa pia, maana amekaa karibu na cherehani yangu muda wa kutosha kujua mabaki ni ya nani. Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia kompyuta.

"Haya, Danford," mama yake akasema. "Hebu nione ulivyorekebisha."

"Mama, si usubiri tu Jumamosi..."

"Nimesimama hapa nashonewa, sina pa kwenda. Washa."

Akawasha. Alikuwa hajapata nafasi ya kurudisha kitu. Kabula akapita na kijivu chake, anamtoa Lyamba miiba, anamwogopa baba mdogo, anakimbia na ndoo. Mama Generosa akawa anatikisa kichwa taratibu. "Hivi sawa," akasema. "Kijana wa watu na binti wa watu." Mimi naendelea na pindo, pini moja baada ya nyingine. Sikuwa naona vizuri, machozi yalikuwa yananisumbua, na kufuta siwezi.

Ikafika sehemu ya mto Katuma. Kabula anainama kuchota maji, na taswira yake inaonekana majini, inayumbayumba. Sehemu hiyo tulihangaika nayo wiki tatu.

"Simamisha," Mama Generosa akasema.

Danford akasimamisha.

"Huyu wa kwenye maji. Mbona kafunga kile kilemba?"

Nikainua uso. Kweli, jamani. Kabula wa juu kavaa kijivu, Kabula wa majini kavaa kahawia na manjano, vijumba vya nyuki vinacheza kwenye mawimbi. Taswira ile ya majini Danford aliichora kando, na kwa kompyuta ilikuwa mhusika mwingine mwenye ukurasa wake. Siku ya kumvua Kabula alimsahau yule wa majini.

Mama Generosa aliinamia skrini.

"Danford. Hawa ni wawili au ni mmoja?"

"Ni mmoja, mama."

"Sasa wa kweli ni yupi? Huyu wa juu, au huyu wa kwenye maji?"

Sauti yake ilikuwa ndogo sana, na haikuwa ya katuni. Sote watatu tulijua. Nilisimama. Niliomba, Mungu wangu, mpe mdomo, mara moja tu mpe mdomo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Angesema "wa kwenye maji", mimi ningevumilia mama mkwe wa kunidai vipande, ningevumilia mjomba Gaudensi na maneno yake, ningevumilia yote mpaka uzeeni.

"Nilimsahau tu, mama," Danford akasema. "Namfuta sasa hivi."

Na mkono wake ukaenda.

Nilitoa pini mdomoni. Moja moja, nikizichomeka kwenye kijimto. Zilikuwa nne.

"Acha," nikamwambia.

"Prii..." Likamtoka, mama yake amesimama palepale.

"Usijisumbue kumfuta. Naondoka mwenyewe."

"Nyie," Mama Generosa akasema. Alitutazama kwa zamu, halafu akanikazia macho mimi. "Binti, sikufichi. Mimi sikutaki kwa mwanangu. Sina chuki na wewe, ila sikutaki."

"Nimekusikia, mama. Hata wakati sina mdomo nilikusikia."

Akapumua. Kitu fulani kilimbadilika usoni. Aligeuka kwa mwanawe, gauni la bluu lina pini upande mmoja wa pindo. "Lakini tangu Jumanne nimejiandaa kugombana na mwanangu. Nimejipanga. Nikisema hivi, atasema hivi, nami nitamjibu vile. Haya, nimekuja. Sasa nagombana na nani hapa?"

Danford aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniuma kuliko hasira. Nilikuwa bado nampenda. Nasema wazi, sina haja ya kujifanya. Pale alipokaa, mabega yameanguka, nilitamani kwenda kumshika.

"Gauni lako litakuwa tayari kesho mchana, mama," nikasema. "Livue polepole, pini ziko pindoni."

Nikaelekea mlangoni. Nilishafika kizingitini niliposikia kiti kinaburuzwa.

"Prisila! Ngoja. Ngoja kwanza, mbona una haraka? Nilikuahidi Jumamosi. Nipe mpaka Jumamosi, nitasema mbele ya watu wote."

Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono mitupu, na mama yake hatua mbili kutoka kwake.

"Danford," nikamwambia, "Jumamosi unamngoja nani? Mama yako huyo hapo."

Alifungua mdomo. Nilimngoja. Mungu ni shahidi wangu, nilimngoja mpaka mkono ukafa ganzi kwenye fremu ya mlango. Akamtazama mama yake, na Mama Generosa akageuza uso ukutani, hakutaka kumsaidia. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama mama yake tena.

Nikatoka.